Honda NC750X: pikipiki iliyoundwa kwa mwendo tunaokwenda kweli

Mtu akiona pikipiki ya cc 745 imeegeshwa, swali la kwanza ni lile lile: "Inamaliza ngapi?" Mimi naendesha Honda NC750X, toleo lililofanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2021, ya gia za mguu, na huwa namjibu muulizaji kwamba hilo ndilo jambo la mwisho la kuuliza kuhusu chombo hiki. Naitumia kwenda kazini na kurudi, kufuata mahitaji ya nyumbani, kumpeleka mke wangu anakokwenda, na siku za mapumziko kutoka kabisa na kushika barabara ndefu. Pikipiki moja, kazi zote hizo, na jioni nateremka mgongo ukiwa mzima. Nataka kueleza inavyofanya hivyo, kwa sababu wengi huisoma kwenye karatasi, wakaona namba zake ndogo, wakapita.

Na kweli namba moja ni ndogo. Nguvu yake ya juu ni kilowati 43.1, sawa na farasi 58 na ushei, inayopatikana injini ikizunguka mara 6,750 kwa dakika. Suzuki V-Strom 650 ina injini ndogo zaidi, cc 645, lakini inatoa farasi 70 hivi. Ukiishia hapo utasema Honda wamewapunja watu. Soma mstari unaofuata. Torki, ile nguvu ya kulizungusha gurudumu unayoihisi kifuani unapoondoka kwenye taa, ni Nm 69 kwa NC750X, na inafika kileleni kwenye mizunguko 4,750 tu. V-Strom inatoa Nm 62, na kuzipata lazima uifikishe 6,500. Hapo ndipo pikipiki hizi mbili zinapoachana. Moja inakupa nguvu yake ukiisukuma, nyingine inakupa ukiwa umetulia. Mimi kila siku nimetulia, au angalau nataka kutulia.

Ukoo huu ulionyeshwa kwa mara ya kwanza Novemba 2011 kwenye maonyesho ya pikipiki ya Milan, wakati huo ukiwa na injini ya cc 670 na jina NC700. Honda walieleza waziwazi walikoanzia: walichunguza jinsi watu wanavyoendesha pikipiki za ukubwa wa kati katika maisha ya kawaida, wakakuta kwamba asilimia 90 ya waendeshaji hawazidi kilomita 140 kwa saa wala mizunguko 6,000. Basi wakajenga injini ya eneo hilo. Naliheshimu sana jambo hili. Ilikuwa rahisi kuchukua injini ya pikipiki ya mashindano, kuikaba kidogo, kuifunga kwenye fremu yenye handeli ndefu na kuiita ya matumizi ya kila siku. Wao walianza upya kwenye karatasi nyeupe.

Injini hiyo ni ya silinda mbili zilizopangwa sambamba, zikiwa zimelazwa mbele kwa nyuzi 62, karibu kulala kabisa. Ile ya mwanzo ilikuwa na tundu la milimita 73 na mwendo wa pistoni wa milimita 80. Vipimo hivyo hivyo vimo kwenye injini ya cc 1,339 ya gari dogo la Honda Fit, ambalo nchi nyingine huitwa Jazz, na ndiyo maana waendeshaji wengi huiita nusu ya Fit. Wanaosema hivyo kwa dharau wanakosea. Pistoni inayosafiri mbali kuliko upana wake haipendi kukimbizwa, lakini mzunguko ukiwa chini inasukuma kwa nguvu na inakunywa kidogo. Gari la familia linahitaji hivyo, na mtu anayekwenda kazini kila asubuhi anahitaji hivyo hivyo.

Mwaka 2014 tundu lilipanuliwa kufikia milimita 77, mwendo wa pistoni ukabaki 80, ikawa cc 745, na ikaongezwa shafti ya pili ya kutuliza mtikisiko. Krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, imekatwa kwa nyuzi 270, kwa hiyo mishindo haipishani kwa nafasi sawa: unasikia miwili iliyokaribiana, kisha pengo, kisha miwili tena, kama injini ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V. Mlio wake si mkubwa. Unasikika chini kwa chini, na mtu anayetoka nyumbani kabla ya jua hawezi kuwaamsha majirani.

Kuna ubunifu mwingi ndani yake ambao mwendeshaji hauoni. Silinda zote mbili zinavuta hewa kupitia koo moja la hewa, kisha njia inagawanyika. Moshi wa silinda mbili unaungana humo humo ndani ya kichwa cha injini, ukatoka kwa bomba moja. Pampu ya maji inazungushwa na shafti ya valvu, haikupewa shafti yake. Kila kifaa kimoja kimepewa kazi ya viwili. Fundi wangu alipoifungua mara ya kwanza aliitazama kwa muda, akasema, "Kaka, hapa hawakuweka kitu cha kuonyesha tu."

Barabarani inakuwaje? Unaachia klachi, ambayo tangu toleo la 2021 ni laini kwenye vidole, na pikipiki inaondoka bila kuongeza resi kwa kiasi kikubwa. Gia ya pili mapema, ya tatu mapema, na ukishapita mwendo wa mjini uko ya nne au ya tano huku injini ikivuma kidogo tu. Kwa kilomita 100 kwa saa, gia ya sita, geji inaonyesha mizunguko takriban 3,000. Ukitaka kulipita lori hushushi gia mbili kama kwenye pikipiki za silinda nne za cc 600. Mara nyingi unavuta resi tu, na inakwenda. Nikiwa na abiria kwenye mlima nashusha gia moja, na hiyo moja inatosha.

Anayetoka kwenye pikipiki za mizunguko mikubwa atapata shida mwanzoni. Mkono wake umezoea kungoja nguvu ije baadaye, wakati hapa nguvu imeshakuja na inaelekea kuisha. Kwenye matoleo ya kabla ya 2021 injini ilikuwa inakatwa mafuta karibu na 6,400, mtu bado anadhani yuko katikati ya safari. Toleo hili jipya limeongezewa mizunguko 600 na kufikishwa 7,000, gia tatu za chini zimefupishwa na tatu za juu zimerefushwa, na naona ndiyo marekebisho bora kuliko yote waliyoyafanya. Hata hivyo, dawa ni kubadili gia mapema. Ifike 4,000, weka nyingine. Mtu akinieleza kwamba NC ni nzito kuamka, swali langu ni moja: unabadili gia kwenye ngapi?

Sasa nije kwenye jambo ambalo lingenifanya niinunue tena hata kama injini ingekuwa ya kawaida. Pale kwenye tangi la mafuta, katikati ya magoti yako, hakuna mafuta. Kuna sanduku. Kwa kuwa silinda zimelazwa mbele, nafasi ya juu ya injini imebaki wazi, na tangi lenyewe limehamishiwa chini ya kiti. Sanduku lina ujazo wa lita 23, linafungwa kwa ufunguo, na linaingia helmeti inayofunika uso mzima, mradi isiwe na kofia ndefu ya mbele kama zile za kuendeshea vumbi.

Asiyeendesha pikipiki kila siku anaweza asielewe uzito wa hili. Fikiria unafika ofisini. Helmeti unaiweka wapi? Wengine wanaining'iniza kwenye kioo ikanyeshewe, wengine wanazunguka nayo mkononi mkutano mzima. Koti la mvua liko wapi? Glavu? Kompyuta? Mimi nafungua, natupia, nafunga, naondoka mikono mitupu. Asubuhi humo ndani mna koti la mvua, kufuli, kopo la mafuta ya cheni, kitambaa na begi la kompyuta; nikifika, begi linatoka na helmeti inaingia. Nikipitia dukani jioni, helmeti iko kichwani na sanduku lote ni la mizigo. Kuna tundu la kuchajia simu humo ndani pia. Juu ya kifuniko kuna vishikio vya kufungia kitu kikubwa kwa kamba za mpira. Tangu niipate sijabeba begi mgongoni, na mtu aliyewahi kubeba begi lenye kompyuta mgongoni kwenye jua kali kila siku anajua mabega yanavyoshukuru.

Mzigo ukiwa pale haubadilishi tabia ya pikipiki. Sanduku la nyuma likijaa linaushusha mkia na kuufanya usukani uwe mwepesi kupita kiasi. Hapa uzito uko katikati, karibu na kifua chako. Ni ajabu kwamba watengenezaji wengine hawajaiga wazo hili kwenye pikipiki zao za ukubwa huu.

Kuhamisha tangi kulileta faida nyingine. Mafuta yako chini, injini imelala, kwa hiyo uzito wote umekaa karibu na ardhi. Karatasi inasema kilo 214 ikiwa na mafuta, na si kilo chache. Lakini kuisukuma kwa mguu kwenye maegesho, kuigeuza kwenye njia nyembamba, kupenya polepole kati ya magari yaliyosimama, inakuwa kama ya kilo pungufu ya hizo. Kiti kiko milimita 800 kutoka chini. Kabla ya 2021 kilikuwa 830. Mimi si mrefu, na nyayo zangu zote mbili zinagusa. Kwa mtu anayesimama na kuondoka mara nyingi kwenye foleni, kugusa chini kwa nyayo nzima ni usalama, na pia ni amani ya moyo, hasa akiwa na abiria nyuma.

Mkao wenyewe ni wa mgongo wima, mikono imelegea, handeli pana, magoti hayakukunjwa sana. Unaona juu ya paa za magari madogo. Vioo vinaonyesha kilicho nyuma, si viwiko vyako. Kiti ndicho ninachokilalamikia. Kimeinama kidogo kuelekea mbele, kwa hiyo kila ukifunga breki unateleza kuelekea sanduku, na sponji yake ni ngumu. Kwa safari za mjini huhisi kitu. Baada ya saa moja na nusu barabara kuu naanza kujisogeza huku na huku. Wapo mafundi wa viti wanaoweza kuichonga sponji na kuisawazisha isiiname, na kwa anayesafiri mbali ndiyo fedha ya kwanza ya kutumia, kabla ya ekzosi au taa za ziada. Kioo cha upepo kinaukinga mwili vizuri, lakini kwa mtu mrefu upepo unaotoka kwenye ukingo wake unaishia usawa wa helmeti na kupiga kelele. Mimi unanipita juu. Rafiki yangu aliyeijaribu, ambaye ananizidi kichwa kizima, alirudi akisema masikio yanavuma. Kinauzwa kioo kirefu zaidi kama nyongeza, na mrefu asisite kukinunua.

Mke wangu, ambaye ni mwamuzi mkali kuliko mimi, anasema kiti cha nyuma ni kipana na vishikio viko mahali mkono unapovitafuta. Ana neno moja tu, na ana haki: kila tukijaza mafuta lazima ateremke. Mdomo wa tangi uko chini ya kiti cha abiria. Unafungua kwa ufunguo, kiti kinainuka, unajaza. Ukiwa umefunga begi la turubai juu ya kiti hicho, lazima ulifungue lote pale kituoni huku watu nyuma wakingoja. Kwa hiyo mwenye NC asifunge mzigo juu ya kiti. Anunue masanduku ya pembeni, au rafu ya nyuma yenye sanduku lake, kisha kiti kibaki huru kuinuka. Begi la kuweka juu ya tangi ndiyo hulihitaji kabisa.

Bahati nzuri hufiki kituoni mara kwa mara. Honda wanataja lita 3.5 kwa kilomita 100 katika kipimo cha kimataifa, na hiyo ni moja ya namba chache za karatasi za viwandani ambazo zinafikiwa na mtu wa kawaida anayeendesha kwa kawaida. Tangi linachukua lita 14.1. Piga hesabu: ni kilomita 400 kwenye karatasi, na mimi huanza kutafuta kituo nikishapita 330, kwa sababu sipendi kuona taa ya akiba ikiwaka usiku. V-Strom ina tangi la lita 20, na anayevuka sehemu zisizo na vituo atalipenda zaidi. Kwa kazi ya kila siku sijaona upungufu.

Breki za mbele ni disku moja ya milimita 320, nyuma disku moja ya milimita 240, zote na ABS, ule mfumo wa kuzuia gurudumu lisigande ukifunga breki ghafla. Disku moja mbele kwa pikipiki ya kilo 214 inatosha ukiwa peke yako. Ukiwa na abiria na mzigo, unaposhuka mlima, lazima uminye kwa nguvu na utumie ya nyuma kwa makusudi. Inasimama, lakini inakutaka uwe umefikiri mapema. Kwenye toleo la 2025 Honda wameweka disku mbili mbele, za milimita 296, na nadhani ilikuwa wakati wake. Anayenunua mpya leo apate hiyo.

Shokapu ni za kawaida tu. Zinameza mashimo madogo na matuta ya mjini vizuri, zinalegea kidogo kwenye kona za kasi. Hazikunipa sababu ya kuzizungumza zaidi.

Jambo la kusema kwa sauti ni hili: umbo lake linadanganya. Pua imechongoka, handeli ni pana, ukiiona utadhani ni ya kwenda porini. Siyo. Matairi ni ya inchi 17 mbele na nyuma, ya barabara, na tumbo la pikipiki liko milimita 145 tu kutoka ardhini huku bomba la moshi likipita huko chini. Barabara ya changarawe iliyosawazishwa inapita bila wasiwasi. Mawe, makorongo na mchanga mzito waachie pikipiki zenye gurudumu kubwa la mbele. Upande wa faida, matairi ya ukubwa huo, 120/70 mbele na 160/60 nyuma, ndiyo hayo hayo yanayovaliwa na pikipiki nyingi za barabara, kwa hiyo yapo ya kila aina, na hayana mpira wa ndani. Msumari ukiingia unaziba tundu kwa nje na kuendelea na safari.

Kuna mfumo wa kuzuia gurudumu la nyuma lisiteleze, wenye ngazi tatu, na unaweza kuuzima. Pia kuna hali za uendeshaji: ya kawaida, ya michezo, ya mvua, na moja unayoipanga mwenyewe. Nimezijaribu zote na nimeishia na mbili, ya kawaida na ya mvua. Ya mvua inalainisha resi hivi kwamba kwenye lami iliyolowa baada ya kiangazi, ile yenye mafuta na vumbi vilivyochanganyika na kuwa utelezi, huwezi kuvuta ghafla hata ukishtuka. Hiyo naithamini sana.

Wengi huuliza kuhusu ile ya gia zinazojibadili zenyewe, DCT. Ina klachi mbili: moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine ya pili, ya nne na ya sita, kwa hiyo gia inayofuata inakuwa tayari imeshikwa kabla ile ya sasa haijaachiwa. Honda waliuleta mfumo huu kwenye pikipiki mwaka 2010 na VFR1200F, na umekomaa. Hakuna mkono wa klachi wala kanyagio la gia. Kuna vitufe ukitaka kubadili mwenyewe. Nimeiendesha ya rafiki mara kadhaa. Kwenye foleni nzito inapumzisha mkono wa kushoto kabisa, na mtu mwenye maumivu ya kifundo cha mkono au cha mguu sioni kwa nini achukue nyingine. Mambo mawili ayajue. Kwanza, inaongeza kilo 10. Pili, ukiizima inabaki huru, haishikwi na gia, ndiyo maana imewekewa breki ya maegesho. Kwenye mteremko usiisahau. Na katika kugeuza taratibu mahali finyu, ambapo mwendeshaji wa klachi huachia nusunusu ili kuutuliza mwendo, huku kazi hiyo inafanywa na breki ya nyuma. Inabidi mguu ujifunze. Nimebaki na ya klachi kwa sababu napenda kubadili gia, na sina sababu nyingine.

Matunzo ni rahisi kwa mtu mwenye spana na subira. Valvu zinarekebishwa kwa skrubu na nati, namna ya zamani: milimita 0.17 upande wa hewa, 0.28 upande wa moshi, unapima nafasi kwa filageji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, unakaza, umemaliza. Huhitaji kung'oa shafti ya valvu na kuagiza vipande vidogo vya chuma vya kupimia kama kwenye injini nyingi za kisasa. Kazi kubwa ni kuondoa plastiki na kusogeza rejeta, kwa sababu kichwa cha injini kimeelekea mbele na rejeta imekaa usoni pake. Kinachokera ni kwamba haiji na stendi ya katikati. Cheni inataka kusafishwa na kupakwa mafuta, na kuifanya kazi hiyo ukiwa na stendi ya pembeni peke yake, ukisogeza pikipiki hatua kwa hatua, ni kujichosha. Honda wanaiuza kama nyongeza. Chukua siku hiyo hiyo unayonunua pikipiki.

Nani aiache? Anayependa kusikia injini ikilia kuelekea mizunguko elfu kumi, NC itamvunja moyo. Aitazame Yamaha MT-07, cc 689, ambayo nayo ina krenki ya nyuzi 270 lakini roho ya kucheza zaidi na uzito mdogo. Anayesafiri mbali sana na abiria na mizigo kila wiki, V-Strom 650 au Kawasaki Versys 650 zina nguvu zaidi ya juu na matangi makubwa zaidi. Zote hizo ni pikipiki nzuri. Hakuna hata moja inayomeza helmeti.

Na kwa anayetafuta iliyotumika: NC700 ya mwaka 2012 au 2013 bado ni chombo kizuri, na kilowati zake 35 zinaifanya iingie katika leseni ya A2 huko Ulaya, ile ya pikipiki za nguvu ya wastani, bila kukabwa. Ukiweza kuongeza kidogo, ya 2014 kwenda juu ina ile shafti ya pili, na mtikisiko kwenye handeli unapungua waziwazi. Ya 2016 ikapata taa za LED na shokapu za mbele zilizo bora. Ya 2021 ina kiti cha chini, klachi laini na mizunguko ya ziada. Ukifika kuikagua, fungua sanduku kwanza na uangalie ukingo wa mpira. Ukiwa umepasuka, maji yataingia juu ya vitu vyako. Kisha inua kiti cha abiria, uutazame mdomo wa tangi kama una kutu. Shika gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa na ulitikise kusikia beringi za usukani. Piga magoti uangalie bomba la moshi chini ya injini, maana mawe ya gurudumu la mbele yote yanaishia pale. Mwisho iwashe ikiwa baridi, uiache ingurume taratibu, usikilize kama mshindo wake ni ule wa miwili na pengo, bila kugonga.